Kifaa cha usikivu: bei ya upasuaji ni mwanzo tu

BETRI za redio, saa na rimoti huuzwa kwa makatoni katika maduka ya Kariakoo, na mnunuzi haulizi mara mbili. Kwa mzazi wa mtoto aliyepandikizwa kifaa cha usikivu, betri ni bidhaa nyingine kabisa. Ikikosekana, mtoto hasikii.

Upasuaji huo ulianza Juni 2017 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, mwendo mfupi wa daladala kutoka Kariakoo. Kabla ya hapo, kumpeleka mtoto mmoja India kuligharimu kati ya Sh. milioni 80 na milioni 100. Muhimbili ilianza kwa gharama isiyofika Sh. milioni 40. Nafuu hiyo ni kubwa, lakini haijamaliza hesabu.

Kifaa hiki si shimesikio, ambalo kazi yake ni kukuza sauti tu. Prosesa inayovaliwa nyuma ya sikio hunasa sauti na kuigeuza kuwa ishara za umeme. Koili huzipitisha ishara hizo kwenye ngozi kwa mawimbi ya redio. Ndani ya sikio, uzi mwembamba wenye elektrodi 12 hadi 22, kutegemea kampuni, husisimua mshipa wa fahamu wa usikivu kwa umeme mdogo. Ubongo hupokea umeme huo kama sauti, ingawa mtoto huhitaji mazoezi ya muda mrefu ili aelewe maneno.

Sehemu iliyopandikizwa haina betri. Umeme wote hutoka nje. Prosesa nyingi hutumia betri mbili za zinki namba 675, ambazo huisha baada ya siku chache. Betri za kawaida za shimesikio zina namba hiyo hiyo, lakini mara nyingi hazina nguvu ya kutosha. Mnunuzi aangalie kama pakiti imeandikwa kuwa ni ya vifaa vya kupandikizwa, tarehe ya mwisho wa matumizi, na kibandiko. Kibandiko kikishatoka, hewa huingia na betri huanza kuisha hata kama haitumiki.

Vipuri navyo vina masharti. Soko la dunia limeshikwa na kampuni chache, zikiwamo Cochlear ya Australia, MED-EL ya Austria na Advanced Bionics iliyoanzia Marekani. Chaja ya simu ya aina moja yaweza kutumika kwa nyingine, lakini prosesa ya kampuni moja haifanyi kazi na kifaa cha kampuni nyingine. Kampuni iliyochaguliwa siku ya upasuaji ndiyo itakayomuuzia mtoto huyo vipuri miaka yote.

Hatari yake ilionekana Marekani. Kampuni ya Second Sight ilikuwa imeuza kifaa cha macho kiitwacho Argus II, ambacho watu zaidi ya 350 duniani walipandikizwa. Mwaka 2020 ilipunguza sehemu kubwa ya wafanyakazi wake, na watumiaji wakabaki bila vipuri wala mafundi.

Kabla ya kulipa, mzazi anashauriwa kuuliza mambo manne: dhamana ni ya miaka mingapi, prosesa mpya ni bei gani, nyaya na koili zinapatikana hapa Dar es Salaam au huagizwa, na matengenezo huchukua siku ngapi. Majibu yote yaandikwe na kutiwa sahihi.