Nyamirambo na 'Kambi ya Waswahili': Majina yanayobeba historia ya Kigali

Anayeteremka kutoka katikati ya jiji la Kigali kuelekea Nyamirambo hupita kwanza mtaa wa Biryogo. Hapo Kiswahili husikika madukani, kwenye meza za chai na nje ya misikiti. Kwa miongo mingi mtaa huo ulijulikana pia kwa jina ambalo wakazi wake hawakulichagua: Camp Swahili, yaani Kambi ya Waswahili.

Mji uliokopa jina la mlima

Kigali lilikuwa jina la mlima kabla ya kuwa jina la mji. Katika Kinyarwanda mzizi -gari hutaja kitu kipana, na mapokeo yanalihusisha jina hilo na upana wa nchi inayoonekana kutoka kileleni. Mwaka 1907 Mjerumani Richard Kandt, aliyekuwa daktari na mpelelezi, aliweka makao ya utawala kwenye kilima cha jirani cha Nyarugenge. Makao hayo yakaitwa kwa jina la mlima.

Nyamirambo lina asili nzito zaidi. Imirambo kwa Kinyarwanda ni maiti, na masimulizi yanayorithishwa yanaeleza kwamba vita vya kale viliacha wafu wengi kilimani hapo. Wasomaji walioko Tanzania watalikumbuka jina la Mirambo, mtawala wa Unyamwezi aliyefariki mwaka 1884. Lake lilikuwa jina la vita, lenye maana hiyohiyo ya maiti.

Kutoka lugha ya utawala hadi kambini

Waswahili wa kwanza walifika Kigali pamoja na Wajerumani. Walikuwemo askari, makarani na wafanyabiashara kutoka pwani na bara la Tanganyika, wengi wao Waislamu. Kiswahili kilikuwa lugha ya utawala, na Mfalme Yuhi Musinga mwenyewe alijifunza. Mwaka 1913 msikiti ulijengwa, ambao leo unajulikana kama Al-Fatah.

Hali iligeuka Wabelgiji walipoiteka nchi mwaka 1916. Waislamu walitengwa katika eneo lao, wakahitaji kibali cha kutoka na kuingia. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisionari, hivyo watoto wao wengi walikosa elimu, na biashara, udereva na ufundi vikawa ndiyo njia ya riziki. Neno Mswahili nalo lilipanuka maana: halikumtaja tena mzungumzaji wa lugha pekee, bali Mwislamu yeyote, hata Mnyarwanda wa kuzaliwa, likibeba dhana ya mgeni asiye na kwao na mjanja wa mjini.

Mwaka 1994

Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kilima hiki kilishuhudia umwagaji damu kama sehemu nyingine za nchi. Hata hivyo, Waislamu wengi wa Biryogo na Nyamirambo waliwaficha Watutsi majumbani na misikitini, na wapo waliouawa kwa kufanya hivyo. Baada ya hapo, waliodharauliwa kwa kuitwa Waswahili walitajwa na Wanyarwanda wengine kwa heshima.

Lugha rasmi, jina la zamani

Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Miaka kumi baadaye, mwaka 2017, Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Lugha iliyowahi kuwa alama ya watu wa kambini sasa ni lugha ya dola.

Kwenye orodha ya maeneo ya utawala, mtaa huo unaitwa Biryogo, katika Wilaya ya Nyarugenge. Jina la kambi halimo. Limebaki katika kumbukumbu za familia ambazo babu na bibi zao walihitaji kibali ili kuvuka mpaka wake, ndani ya mji walioshiriki kuujenga.