Udongo wa Shambani Waweza Kuwa Nyumba Imara

Mkulima auzapo kahawa yake, na karani apokeapo mshahara wake, wote wawili huwa na haja moja: kujenga nyumba ya kudumu nyumbani kwao. Lakini fedha nyingi huishia katika kuta. Mawe huletwa kwa lori kutoka mbali, na matofali ya kuchoma hula kuni nyingi, hata miti iliyopandwa na wazee ikateketea katika tanuri.

Serikali ya Kenya imeshughulika na jambo la nyumba kwa miaka mingi. Mwaka 1953 iliundwa Halmashauri Kuu ya Nyumba, na mwaka 1967 mahali pake pakashikwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Shirika hilo lilijenga kiwanda huko Mavoko, katika Kaunti ya Machakos, cha kutengeneza vipande vyepesi vya ukuta. Kila kipande ni povu gumu lililofungwa kwa wavu wa chuma. Vipande husimamishwa, huunganishwa, kisha hupigwa lipu ya saruji pande zote mbili. Tena Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 iliamuru mwajiriwa akatwe asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri atoe kiasi kicho hicho.

Lakini majengo ya namna hiyo huonekana zaidi mijini. Je, mtu ajengaye katika shamba lake mwenyewe atapata msaada gani? Msaada umfaao zaidi ni mashine ya kushindilia udongo. Wizara ya nyumba imefungua vituo katika sehemu mbalimbali za nchi, ambako watu hufundishwa kazi hiyo na mashine huazimwa.

Mashine hizi si ajabu ya jana. Katika miaka ya 1950, mhandisi Raúl Ramírez alitengeneza ya mkono huko Bogotá, nchini Kolombia, nayo ikaenea katika nchi nyingi. Udongo huchanganywa na saruji kidogo, hutiwa katika kisanduku cha chuma, na mtu huvuta mpini mrefu mpaka tofali likaze. Halichomwi hata kidogo. Matofali ya siku hizi yana ulimi upande mmoja na mfuo upande wa pili, hivyo hushikana yenyewe, na saruji ya kuunganishia hupungua sana.

Hapa ndipo wengi hukosea. Huona mashine, wakasahau udongo. Udongo mweusi wa mbuga haufai, kwa sababu huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Udongo wa juu wenye mizizi na mboji haufai pia. Chimba chini yake. Kisha upime. Fanya kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimeta 60, upana 4 na kina 4, ukijaze udongo uliolowa, ukikaushe. Udongo ukisinyaa kidogo, saruji kidogo yatosha. Ukisinyaa sana, saruji lazima iongezwe. Kwa kawaida karai moja ya saruji huchanganywa na karai kati ya 10 na 18 za udongo. Fundi wa kituo atakuonyesha kipimo cha udongo wako.

Jambo la pili ni subira. Tofali likitoka katika mashine halijawa tofali bado. Lifunikwe kwa turubai, linyunyiziwe maji kila siku kwa muda wa siku 7, na lisijengewe kabla ya siku 28 kutimia. Aliyeanika matofali yake juani ili ahamie upesi amejinunulia ukuta utakaomomonyoka masika ya kwanza. Haraka haraka haina baraka.

Mwisho, msingi na uwe wa mawe au zege, uinuke juu ya ardhi, na paa litokeze nje vya kutosha ili mvua isipige ukuta.

Serikali yaweza kuazima mashine na kutoa mwalimu. Haiwezi kukaa nyuma ya nyumba yako siku 28 ikinyunyiza maji. Kazi hiyo ni ya mwenye nyumba, mkewe na watoto wao, nayo haitaki fedha. Basi, kabla ya kuagiza lori la mawe, uliza ofisi ya nyumba katika kaunti yako kituo kiko wapi, na uende na debe moja la udongo wa shamba lako.