Daftari Moja, Wasomaji Maelfu

Stesheni ya Bukene, katika Wilaya ya Nzega, imo katika reli itokayo Tabora kwenda Mwanza, ambayo ilikamilika mwaka 1928. Reli hiyo ni ya njia moja. Treni mbili zinazokabiliana haziwezi kuwa pamoja katika kipande kimoja cha njia. Hapana budi moja ingoje stesheni mpaka mwenziwe apite. Mfanyakazi wa reli ajua vema kwamba kumpa dereva injini yenye nguvu zaidi hakuondoi kungoja huko. Lililo na faida ni kuongeza mahali pa kupishana, au kubadili utaratibu wa kuruhusu treni kuondoka.

Nimeanza na reli kwa kuwa jambo la leo halionekani kwa macho. Tovuti yenye wageni wengi hutegemea hifadhidata, yaani daftari kuu la habari zake, na programu inayolilinda daftari hilo ni kama karani wake. Kijana wa Bukene anayeomba kazi au mkopo wa masomo kwa simu hulipia kifurushi kwa fedha yake mwenyewe. Siku ya mwisho ya maombi, maelfu humwendea karani huyo kwa saa moja. Ukurasa usipofunguka, kifurushi chaisha na muda wapita. Wakubwa wa kazi hupenda kununua kompyuta kubwa zaidi. Lakini mara nyingi ubaya uko katika namna karani anavyofunga daftari.

Tutazame Wikipedia, kamusi elezo ambayo tangu mwaka 2003 ina toleo la Kiswahili, na Bukene yenyewe ina ukurasa wake humo. Ilipoanza tarehe 15 Januari 2001 haikuwa na hifadhidata. Kila ukurasa uliwekwa katika faili lake. Wasomaji wakaongezeka, na Januari 2002 ikahamia katika programu iliyoandikwa na Magnus Manske, kijana wa Ujerumani, iliyotumia hifadhidata ya MySQL. Miezi michache tu ikapita, uzito ukazidi tena, na Lee Daniel Crocker akaiandika upya mwaka huo huo.

MySQL ya siku zile kwa kawaida ilitunza majedwali yake kwa mtindo uitwao MyISAM. Mtu mmoja akirekebisha mstari mmoja, jedwali zima hufungwa. Wasomaji na waandishi wengine wote husimama nje. Hiyo ndiyo njia moja ya reli. Mtindo mwingine, InnoDB, hufunga mstari unaorekebishwa tu, na wasomaji huendelea kuonyeshwa maandishi ya awali mpaka mapya yatakapothibitishwa. Wikipedia ikahamia mtindo huo. Tena ikaweka daftari moja la kuandikia na nakala kadhaa za kusomea, maana wasomaji ni wengi mno kuliko waandishi.

Badiliko la mwaka 2013 lilikuwa na sababu ya namna nyingine. Kampuni ya MySQL ilikuwa imenunuliwa na Sun mwaka 2008, na Sun nayo ikanunuliwa na Oracle mwaka 2010. Michael Widenius wa Ufini, mmoja wa waasisi wa MySQL, alikwisha kutoa tawi lake mwaka 2009, akaliita MariaDB kwa jina la binti yake. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu leseni ya programu ile inamruhusu mtu yeyote kuichukua na kuiendeleza. Wikipedia ikaiacha MySQL ikachukua MariaDB, isiwe mtumwa wa maamuzi ya kampuni moja.

Kazi yenyewe ilifanywa kwa hadhari ya kupendeza. Milango haikufungwa. Nakala moja ya kusomea ilibadilishwa kwanza, ikapewa maombi ya wasomaji wa kweli, na mwendo wake ukalinganishwa na wa nakala za zamani. Iliporidhisha ndipo wakaendelea na nakala nyingine, na daftari la kuandikia likangojea zamu yake mpaka mwisho. Lau hitilafu ingetokea mapema, ingeondolewa nakala moja tu, na msomaji asingetambua lolote.

Wala tusidhani kwamba karani mpya ni dawa ya kila ugonjwa. Anayetafuta jina moja kwa kusoma daftari zima tangu ukurasa wa kwanza atachelewa kwa karani yeyote. Yafaa kwanza daftari litiwe faharasa. Na mambo yasiyobadilika kila dakika, kama orodha ya matokeo ya mtihani yaliyokwisha kutangazwa, hayana haja ya kumsumbua karani hata kidogo. Yaweza kuandaliwa mara moja kama kurasa kamili, zikawekwa mlangoni, kila ajaye akachukua wake. Karani akabaki na kazi ya wale wanaoandika: yule kijana wa Bukene na wenzake, kila mmoja katika mstari wake.