Mvinyo mchanga wa Dodoma na soko la ukanda wa dhahabu

Tangu Machi 2019, soko la madini la Geita limempa mchimbaji mdogo kitu ambacho mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi, mkoani Dodoma, bado anakililia: bei elekezi na wanunuzi wengi mahali pamoja. Hata kabla ya soko hilo, mwenye dhahabu aliweza kuifunga kitambaani akasubiri bei. Zabibu haisubiri. Ikishakatwa haiongezi utamu, na kwa joto la Dodoma huharibika ndani ya siku chache, hivyo matangi ya viwanda yakijaa, familia huuza kwa bei yoyote inayotajwa. Nafuu yao naiona katika mvinyo mwekundu mchanga, wa kunywewa miezi michache baada ya mavuno, upelekwe kwenye mzunguko wa fedha wa miji ya ukanda wa dhahabu: Geita, Katoro, Kahama na Shinyanga mjini.

Wapo wanaoshikilia kwamba mvinyo mzuri ni wa miaka mingi. Hilo ni kweli kwa baadhi tu. Rangi na ukakasi wa mvinyo mwekundu hutoka kwenye maganda, ndiyo maana zabibu zikishapondwa huachwa zichache pamoja nayo. Hewa inayotoka huyainua maganda yakawa tabaka zito juu ya tangi, na lazima mtu ayashindilie chini mara kadhaa kwa siku, la sivyo hukauka na mvinyo kuelekea kuwa siki. Ukichuja mapema, ukakasi unakuwa mdogo na harufu ya tunda inabaki mbichi. Mvinyo wa namna hiyo ukiuweka miaka unaupunguzia uzuri. Ufaransa, mvinyo mpya wa Beaujolais huanza kuuzwa Alhamisi ya tatu ya Novemba, wiki chache tu baada ya mavuno, na hakuna anayeuonea aibu. Kuuzeesha mvinyo kunadai mapipa ya mwaloni, chumba cha baridi na mtaji uliolala. Familia inayopogoa na kuvuna mara mbili kwa mwaka, huku ada za shule zikiisubiri, haina mtaji wa kulaza.

Wengine watasema watu wa migodini ni wa bia na konyagi. Lakini kwenye harusi na sendofu mvinyo umeshazoeleka mezani, na huu mchanga una faida kwamba hunyweka vizuri ukitoka kwenye friji. Pingamizi zito ni la usalama: chupa ya sokoni inahitaji alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na familia moja haiwezi kumudu maabara. Hapo ushirika hauepukiki, matangi na vipimo viwe vya pamoja, ila kila shamba lichachushe zabibu zake peke yake na jina lake liandikwe kwenye chupa. Barabara ya lami kupitia Singida, Nzega na Tinde ipo. Kinachobaki ni kusafirisha usiku, maana mchana kutwa chini ya turubai la lori joto huiua ile harufu ya tunda ambayo mnunuzi wa Kahama anailipia.