Wanyama Wasikilizao Vilio vya Ndege

Mtu akiteremka kutoka Nkubu kuelekea mashariki huyaacha nyuma mashamba ya chai, kahawa na migomba, akaingia nyika kavu ya Tharaka. Huko huishi digidigi, paa mdogo mwenye uzito wa kilo tano hivi, ambaye chui, mbweha, tai na chatu wote humtamani. Naye hana kundi la kumlinda. Hukaa wawili tu, dume na jike, vichakani wasikoweza kuona mbali. Waponaje basi?

Jibu moja liko juu ya mti. Katika nyika hizo yuko ndege wa kijivu wa jamii ya shorobo, mwenye tumbo jeupe na kishungi kirefu. Hupenda kukaa kileleni, na amwonapo adui hulia kwa sauti ifananayo na ya kondoo. Mwaka 2008 wataalamu waliofanya kazi Laikipia, upande wa pili wa Mlima Kenya, walitangaza matokeo ya jaribio lao. Walikipiga kilio cha ndege huyo kwa kipaza sauti karibu na digidigi. Digidigi wakapunguza kula, wakageuza vichwa huku na huku, na wengine wakakimbilia kichakani. Waliposikilizishwa wimbo wa ndege usio wa hatari, hawakushtuka hivyo. Wala isidhaniwe kwamba ndege huyo amfanyia digidigi hisani. Digidigi hudukiza tu maneno yasiyomhusu.

Tumbili, ambao mkulima awajua kwa wizi wa mahindi, ni hodari zaidi. Huko Amboseli, walikoanza kuchunguzwa mwaka 1977, ilionekana kwamba wanavitofautisha vilio viwili vya kwezi. Kwezi akimlilia adui wa ardhini, tumbili hukimbilia mitini. Akimlilia mwewe, hutazama juu. Elimu hiyo hawazaliwi nayo yote, kwani watoto wa tumbili wamsikiao kwezi mara nyingi huwahi kuifahamu kuliko wale wamsikiao kwa nadra.

Wazee waliomwita ndege alaye kupe "askari wa kifaru" hawakukosea. Kifaru haoni vizuri. Katika jaribio lililofanywa Afrika Kusini na kutangazwa mwaka 2020, kifaru asiye na ndege alimtambua mtu aliyemnyemelea mara 23 tu katika 100. Mwenye ndege alimtambua kila mara, kwa wastani wa meta 61. Jambo hili si dogo kwa watu wa Meru, ambao katika mbuga yao vifaru weupe watano waliuawa na majangili wenye bunduki mwezi wa Novemba 1988. Baadaye vifaru walirudishwa, wakawekewa eneo lenye ua.

Askari huyo hula kupe wa ng'ombe pia. Dawa za josho za zamani, hasa zenye aseniki, ziliwaua wengi mahali pengi katika Afrika. Dawa za siku hizi si zote zenye sumu hiyo, na bwana mifugo aweza kumwambia mfugaji ipi haiwadhuru ndege.