Juba na Miji Iliyoitangulia

Juba kama mji ilianza miaka ya 1920. Kabla ya hapo Wabari walilima na kufuga kwenye kingo hizi za Nile, na wageni waliokuja kutawala walihamisha makao yao kutoka Gondokoro hadi Lado, na baadaye Mongalla, wote wakiufuata mto. Meli zilizotoka kaskazini ziliweza kupanda Nile hadi Rejaf, kusini kidogo ya Juba ya leo, zikakwamishwa na maporomoko. Kila aliyetaka pembe za ndovu, watumwa, waumini au ardhi alilazimika kushukia hapa.

Gondokoro iko ukingo wa mashariki. Wamisionari Wakatoliki kutoka Austria walijenga hapo miaka ya 1850, wengi wao wakafa kwa homa. Februari 1863 wavumbuzi Speke na Grant, wakitokea Zanzibar kwa njia ya Buganda, walimkuta Samuel Baker akiwasubiri. Baker alirudi mwaka 1871 na jeshi la Misri, akapandisha bendera ya Khedive, mtawala wa Misri, na kuiita Gondokoro Ismailia. Wabari, wenye ardhi hiyo, hawakuulizwa, na walipokataa kumuuzia nafaka na ng'ombe aliwapiga vita.

Gordon, aliyemrithi Baker, alihamia Lado mwaka 1874, na kuanzia 1878 gavana wa jimbo la Equatoria akawa Emin Pasha. Hapa ndipo historia ya Juba inapoingia majumbani mwetu, Uganda na Kenya. Uasi wa Mahdi ulipolikata jimbo hilo na Khartoum, Emin alirudi nyuma hadi Wadelai, kisha mwaka 1889 akaongozana na Stanley, aliyekuja kumwokoa, hadi Bagamoyo. Askari wake wengi walibaki porini na familia zao. Mwingereza Lugard aliwachukua mwaka 1891 na kuwaingiza Uganda, na wajukuu wao ndio Wanubi wa Bombo na Kibera. Kinubi chao na Kiarabu cha Juba ni ndugu wa damu: mama wa Kibera akisimama sokoni Konyo Konyo, Juba, ataweza kuuliza bei na kujibiwa.

Serikali ya Waingereza ilihamisha makao makuu ya jimbo kutoka Mongalla hadi Juba mwishoni mwa miaka ya 1920. Wafanyabiashara Wagiriki wakajenga maduka, Malakia ikawa mtaa wa waliotumikia serikali, na kwa wamisionari Wakatoliki likasimama kanisa la Kator.

Tarehe 12 na 13 Juni 1947 James Robertson, Katibu wa Utawala wa Sudan, aliitisha hapa mkutano wa wajumbe wa Kusini na Kaskazini. Machifu na makarani wa Kusini waliingia wakiwa na wasiwasi, kwa kuwa watu wao walikuwa nyuma kielimu na kiuchumi, wakatoka wamekubali kupeleka wawakilishi Khartoum. Dhamana walizotarajia hazikutimizwa. Agosti 1955 askari wa Torit waliasi, miezi michache kabla ya Sudan kupata uhuru. Kwangu mimi, hakuna siku mbili nzito kuliko zile za mkutano wa Juni 1947 katika maisha ya mji huu, na zinastahili kujulikana na kila mtoto wa Juba kama anavyoijua 9 Julai 2011, siku ya uhuru wa Sudan Kusini.

Mgeni wa leo hupelekwa kwanza kwenye kaburi la John Garang, kiongozi wa mapambano ya Kusini, aliyefariki katika ajali ya helikopta tarehe 30 Julai 2005. Uhuru ulitangazwa kwenye uwanja wa kaburi hilo, na Februari 2023 Papa Fransisko aliongoza misa uwanjani hapo. Ni haki kuanzia pale. Lakini ukiishia pale utaona taifa, hutauona mji. Mji uko Konyo Konyo, kwenye magunia ya unga na mikungu ya ndizi kutoka Uganda, samaki wakavu wa Nile, na wauzaji wanaoruka kutoka Kiarabu hadi Kibari hadi Kiswahili mteja akibadilika. Uko pia kwenye daraja la zamani la chuma, ambalo kwa miaka mingi lilipitisha karibu kila kilichotoka Mombasa na Kampala kwa njia ya Nimule. Daraja la Uhuru, lililojengwa kwa msaada wa Japani, lilianzwa 2013, vita vikalisimamisha mara mbili, likafunguliwa 2022.

Wanafunzi wanaopelekwa kwenye kaburi la Garang wavushwe pia hadi Gondokoro, na wazee wa Kibari ndio wawe wa kwanza kuwaeleza kilichotokea hapo.