Maradhi ya Watoto Hayajui Mpaka

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia chako maji. Wapo hata hivyo wanaoshikilia kwamba chanjo za watoto zinazotolewa kwa msaada wa mashirika ya kimataifa ni hisani ya matajiri kwa maskini. Mimi sikubaliani nao. Historia yatufunza kwamba ushirikiano huo ni mapatano ya majirani wanaohofia moto mmoja.

Tutazame ndui. Mwaka 1958, Muungano wa Kisovieti, uliokuwa hasimu mkuu wa Marekani, ulilihimiza Shirika la Afya Duniani (WHO) liung'oe ugonjwa huo kote ulimwenguni. Baadaye mahasimu hao wawili walishirikiana kwa chanjo na wataalamu. Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alipatikana hapa jirani, mjini Merca, Somalia, Oktoba 1977. Huyo alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali aliyekuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Alipona, na mwaka 1980 ikatangazwa kuwa ndui imetoweka duniani.

Vita dhidi ya polio vilianzishwa mwaka 1988, wakati ambapo watoto wapatao 350,000 walikuwa wakipooza kila mwaka. Agosti 2020, kanda ya Afrika ya WHO ilithibitishwa kuwa haina tena virusi asilia vya polio. Maalin alikuwa miongoni mwa waliopigana vita hivyo. Aliwasimulia wazazi Wasomali yaliyompata ili wakubali watoto wao wapewe matone. Alifariki mwaka 2013 kwa malaria, akiwa kazini katika kampeni hiyo. Mwaka huohuo, polio iliyozuka Somalia ilivuka mpaka na kuingia katika kambi za wakimbizi za Dadaab.

Basi hatuna budi kutimiza sehemu yetu. Serikali na itenge fedha za kutosha za chanjo, kwani mfadhili aweza kubadili nia wakati wowote, nasi hatuwezi kumshtaki. Nanyi walimu, waelezeni wanafunzi jinsi chanjo inavyofanya kazi, kwa maana uvumi hustawi pale maarifa yanapokosekana. Mwanafunzi wa leo ndiye mzazi wa kesho, na siku atakapobisha hodi mhudumu wa afya mwenye matone, ni yeye atakayefungua mlango au kuufunga.